Paka Aliyebeba Kikohozi cha Magesa

Aliyeniambia kwanza kwamba paka anaweza kubeba ugonjwa wa mtoto ni bibi yangu, mzaa baba. Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi tuliishi naye kijijini, upande wa Butiama, mimi, mama yangu, na mdogo wangu Magesa ambaye alikuwa bado hajaota jino. Baba alikuwa Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu, na alikuja nyumbani pale alipopata nafasi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya bibi. Yeye ndiye aliyesema nini kipikwe na nani alale wapi, na mama, kama mkwe anayejua adabu, aliitikia.

Naandika haya mchana, hapa Nyasho mjini Musoma, mwanangu akiwa amelala. Ana mafua tangu juzi, na mimi tangu juzi sijalala vizuri. Mtu akichoka sana hukumbuka vitu ambavyo hakuvitafuta.

Paka mwenyewe aliletwa kwa ajili ya panya. Tulikuwa na udaga mwingi ndani, ile mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, na panya walikuwa wanatoboa magunia. Bibi akaenda kwa jirani yetu, Mama Wambura, akarudi na mtoto wa paka ndani ya kikapu. Huko aliacha chumvi, maana kwetu paka haombwi bure. Ukipewa bure, hatashika panya. Basi nikamwita Chumvi. Alikuwa wa kijivu, mwembamba, na usiku alilala juu ya miguu yangu kana kwamba miguu hiyo iliumbwa kwa ajili yake.

Magesa alianza kukohoa wakati wa mvua. Pua iliziba, akawa ananyonya kidogo, anaachia titi, analia. Mama alimbeba mgongoni akilima, akambeba akitwanga, akambeba akipika. Siku ya tatu Chumvi naye akaanza kupiga chafya. Kamasi zikamtoka, macho yakashikana kwa tongotongo, akajikunja chini ya kitanda na hakutaka kula. Na siku hiyohiyo Magesa alinyonya vizuri, akalala mpaka mchana.

Bibi alimtazama paka, akamtazama mtoto, kisha akavuta kigoda akaketi.

"Umehama," akasema.

Alitueleza kwamba ugonjwa wa mtoto mchanga ukimkuta mnyama ndani ya nyumba, unaweza kumhamia. Huyo mnyama aachwe aubebe. Asifukuzwe wala asipigwe, lakini pia asitibiwe, maana akitibiwa ugonjwa utakosa pa kukaa na utarudi ulikotoka. Halafu kulikuwa na jambo jingine, na hili lilikuwa gumu zaidi. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeruhusiwa kusema kwamba Magesa anaumwa. Ukisema, unauita. Anayetaka kujua hali ya mtoto aulize hali ya paka. Mpaka leo sijui kama hiyo ni mila ya watu wote wa kwetu au bibi alitoka nayo kwao alikozaliwa. Nimewauliza watu wawili watatu hapa Musoma. Wamecheka.

Tukaishi hivyo. Mama Wambura akipita kwenda kisimani alisimama uani na kuuliza, "Paka wenu ameamkaje?"

"Ameamka hivyohivyo, mama," mama alijibu.

"Anakula?"

"Anajaribu."

Na wote wawili walikuwa wanamtazama Magesa mgongoni. Siku moja Mama Wambura aliuliza kama paka amepata choo, na kama ni kigumu au laini, nikacheka. Mama alinikata jicho. Yeye alikuwa hacheki tena. Kikohozi cha Magesa kilikuwa kimerudi, taratibu, na angesema nini? Ugonjwa ulikuwa kwa paka. Kila asubuhi bibi alimwinamia Chumvi, akamwona anavyohema kwa shida, akasema afadhali, anafanya kazi. Mama akaitikia. Usiku nilimsikia akimbadilisha Magesa bega, huku na huku, mpaka majogoo.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa mtoto wa aibu, hata sasa sijaacha, na mbele ya bibi sikuweza kutoa neno. Lakini sikuweza pia kumwona Chumvi anatembea akijigonga mlangoni kwa sababu haoni. Kwa hiyo nilifanya kwa mikono nisichoweza kusema. Nilimhamishia jikoni, nyuma ya mafiga, ambako majivu hayapoi haraka, nikamfunika kwa kipande cha gunia. Bibi akienda shambani nilipasha maji kidogo yakawa vuguvugu, nikalowesha kitambaa, nikamfuta macho kuanzia pembe ya ndani kwenda nje. Tongotongo likigoma sikulivuta, nililiwekea kitambaa cha moto mpaka likalainika. Halafu pua.

Kula ndiko kulikonisumbua. Nilimpa dagaa akageuza uso. Siku ya pili nikagundua kwamba hasikii harufu, na paka asiyesikia harufu hajui kama kilicho mbele yake ni chakula. Nikachemsha dagaa tena mpaka mchuzi ukatoa mvuke, ukapoa kidogo, nikamsogezea puani. Akainua kichwa. Nikampaka kwenye mdomo kwa kidole, akalamba kidole.

"Wewe unaingia jikoni mara ngapi kwa siku?" bibi aliniuliza. "Umeolewa huko?"

Nikamwambia natafuta makaa. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa bibi, na alikubali kwa urahisi hata nikaona vibaya zaidi.

Siku ya nne ya kumtibu, Chumvi alifumbua macho yote mawili, akakaa, akaanza kujilamba mguu. Nilifurahi mpaka mchana tu. Mchana huo Magesa aliwaka moto. Alihema harakaharaka, na kila alipovuta pumzi mbavu zilionekana zikiingia ndani. Titi alilikataa kabisa. Mama aliketi mlangoni amempakata, ungo wa unga uko pembeni haujaguswa, na nzi wameanza kutua juu yake. Hakulia. Alikuwa anatazama tu njia, kama mtu anayemngoja mtu ambaye hakusema atakuja.

Nilijua nani amefanya hivyo. Nilisimama nyuma ya nyumba nikishika ukuta, kisha nikaenda.

"Mama," nikasema nikiangalia chini, "Chumvi amepona. Nilimtibu mimi."

Nilingoja kofi. Mama aliinua kichwa polepole.

"Amepona kweli?"

"Anakula. Na amefumbua macho."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Alinitazama kwa muda, na usoni mwake kukapita kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa na mtoto wangu. Hakikuwa hasira. Akasimama, akajifunga kanga sawasawa, akaenda chini ya ukingo wa paa ambako bibi alikuwa akichambua mboga. Akapiga goti na mtoto mikononi.

"Mama," akasema, "paka amepona."

Bibi aliacha mboga. Alinitazama mimi, si mama, na nikajua ameshaelewa yote. Akainuka, akaenda jikoni kuhakikisha mwenyewe. Chumvi akamlilia, akidhani ameletewa mchuzi. Bibi akarudi, akaweka kiganja kifuani pa Magesa na kukiacha hapo.

"Basi mtoto anaumwa," akasema. "Mpeleke hospitali. Usikae."

Ndiyo sentensi ambayo mama alikuwa anaingoja pale mlangoni. Yeye asingeweza kuisema, si kwa mama mkwe wake, si wakati ugonjwa uko kwa paka. Bibi akatoa kanga yake mpya ya kumfunikia mtoto, akatoka mwenyewe mpaka barabarani kuita pikipiki, na jua lilikuwa bado halijashuka mama alipoondoka kwenda Musoma. Alipopanda hakuniaga. Alinitazama tu, halafu dereva akawasha.

Tukabaki mimi na bibi. Simu ilikuwa moja, ya mama, na ilikwenda naye. Tulisonga ugali wa watu wawili, nao ukabaki. Nilipopeleka mabaki jikoni nilimkuta Chumvi anapiga chafya tena, na jicho la kushoto limeanza kuleta maji. Nikasimama pale na sahani. Kumbe ugonjwa ulikuwa bado na mlango wa kuhamia kwake. Kumbe nikimwacha, anaweza kuubeba tena.

Nikarudi kwa bibi. Nilimuuliza, na sijui nilipata wapi sauti, "Bibi, nikimwacha sasa, nisimfute tena, Magesa atapona?"

Bibi alikuwa ananyoosha miguu yake, aliyozoea kuipaka mafuta jioni.

"Sijui, mama," akasema. "Mimi nilisema nilichoambiwa." Akapaka mafuta goti moja, akapaka la pili. "Nilizika wawili kabla ya baba yako. Hatukuwaga na paka."

Kisha akaniambia nikalale.

Magesa alirudi baada ya wiki moja. Ilikuwa homa ya mapafu, na daktari alimwambia mama kwamba amewahi. Sasa ni mwanaume mrefu, anachomelea madirisha na milango Bunda, na tukikutana hunishika kichwa kama vile mimi ndiye mdogo. Bibi, mpaka anakufa, aliwasimulia wageni habari hii kuwa ushahidi: siku paka alipopona, ndiyo siku mtoto alipozidiwa, na aliyeyaona ni huyu hapa. Nami niliitikia, maana ndivyo ilivyokuwa, siwezi kusema sivyo. Mama hakumbishia hata mara moja. Lakini jikoni, tukiwa wawili, aliwahi kuniambia kwamba nisingemtibu paka yule, yeye angeketi mlangoni na adabu yake mpaka mwisho. Wote wawili walinishukuru, kila mmoja kwa hadithi yake, na hakuna aliyeniuliza asubuhi baada ya mama kwenda Musoma nilifanya nini. Chumvi aliishi, akala panya kwa miaka mingi, na kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuuliza.

Sasa ninapomfuta mwanangu pua naelewa uchovu wa mama, na naelewa hofu ya bibi, aliyekuwa anatafuta mahali popote pa kuuweka ugonjwa ili usikae juu ya mtoto. Sina neno baya kwao. Neno ninalo juu yangu mwenyewe. Nilikuwa naamini. Watu wakisikia habari hii hudhani mtoto wa shule alijua kuwa ni maneno ya wazee tu. Hapana, niliamini kila neno la bibi, kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza. Kwa hiyo asubuhi ile nilidhani nachagua kati ya wawili. Magesa kupona hakulifuti hilo. Sijamwambia, na nikimwona anacheka huwa nadhani nitamwambia, halafu aibu inanishika.

Asubuhi ile niliamka kabla ya bibi. Habari yoyote kutoka Musoma ilikuwa haijafika. Chumvi alikuwa nyuma ya mafiga, jicho limeshikana, pua imeziba, akasikia hatua zangu akageuzia uso upande wangu. Nikawasha moto, nikapasha maji, nikakaa nayo mpaka yakapoa. Nikayapasha tena. Kisha nikageukia upande wa barabara waliyokwenda nayo, nikamwomba Magesa msamaha kwa sauti ndogo, nikalowesha kitambaa, nikamfuta paka.