Sanamu Isiyokuwa na Uso

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Kintinku, mwanangu, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Vijana wetu walikuwa wamepelekwa mbali kupigana vita, na mume wangu Lameki alikuwa mmoja wao. Alipanda treni Manyoni, nikabaki na mama yake. Vita vilipokwisha wenzake walirudi. Yeye hakurudi, na hakuna aliyetuambia kama yu hai au amekufa.

Nyumba ikawa kimya. Mama mkwe alikuwa mfinyanzi. Yeye alifinyanga vyungu, mimi nikapika, tukala kila mtu akitazama upande wake. Jina la Lameki halikutajwa. Aliogopa kuniliza, nami niliogopa kumliza. Upweke wa watu wawili ndani ya nyumba moja, mwanangu, usiuombe.

Siku hiyo alikwenda kisimani, nikachukua udongo wake. Sikujua kufinyanga mtu. Nikatengeneza pande la mraba likawa kifua, nikalisimamisha juu ya miguu minene iliyonyooka kama michi. Juu nikaweka donge la mviringo, basi. Sikuweka macho wala mdomo. Kusema kweli, sura yake ilikuwa imeanza kunitoka, na hilo ndilo lililonitesa kuliko yote.

Mama akaingia. Nikanyoosha mkono niivunje sanamu.

"Acha!" akasema.

Akatua mtungi, akakaa chini, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza bega la kushoto kwa kidole gumba, likashuka kidogo. Mwanangu, Lameki alikuwa amesimama mbele yetu.

"Alianguka mtini akiwa mdogo," akasema. "Bega halikurudi sawasawa."

"Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Sijakusimulia."

Tukalia. Halafu akanisimulia, nami nikamsimulia Lameki niliyemjua mimi, mpaka uji ukaungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Lameki hakurudi hata baadaye. Lakini tangu siku ile nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu: ukiondokewa na mtu, mtaje. Muulize na mwenzako anamkumbukaje, maana huenda ana kipande ambacho wewe huna. Usikae kimya ukidhani unamhurumia.

Mungu akujalie watu wa kuwapenda, na wakiondoka, asikunyime wa kuwataja naye.