Maharagi, Esanse na Basi la Saa Kumi

Anayesema kitu cha bure hakiumizi kichwa hakuwahi kukaa kwenye kabare moja ya Bwiza, Jumamosi mchana, miaka ile ya vita. Mwenye kabare, mama mmoja mjane mwenye akili kuliko mawaziri wote niliowasikia redioni, alianzisha mashindano ya pokeri bila kiingilio. Unafika, unakaa, unahesabiwa maharagi hamsini, unacheza. Zawadi ya mshindi: bidoni ya lita tano za esanse, petroli ya gari. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, na esanse ilitafutwa mjini kama dawa. Mama aliipata wapi? Wee, nani aulize! Bia tu ndiyo haikuwa ya bure.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilijiona profesa wa pokeri. Jumamosi tatu nilishindwa, lakini nilishindwa huku nikiwasoma wenzangu. Kulikuwa na wale wa "ya bure, bwana!", waliosukuma maharagi yote katikati kwenye karata za kwanza tu. Sisi tuliita hiyo "tapi". Dakika kumi baadaye walikuwa kaunta wakinywa kwa hasira, na mama hakutaka kingine. Ajabu ni kwamba watu hao hao, huko mtaani, hawakuvuka barabara kabla ya kuchungulia mara mbili. Kulikuwa na makarani wa serikali, walioweka harage mojamoja kana kwamba kila moja lilihitaji sahihi ya mkurugenzi. Halafu tulikuwepo sisi watu wa kusini mwa mji, wa Kanyosha na Kibenga.

Sisi tulikuwa na ugonjwa wetu. Basi la mwisho la Kanyosha liliondoka saa kumi jioni, maana baadaye barabara ilifungwa, kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje, ikaingia, na mtu aliyekutwa nje hakuulizwa mara mbili. Na ukiondoka mezani, maharagi yako yanarudi kwa mama. Kwa hiyo ikifika saa tisa na nusu, mtu wa kusini anapiga tapi, awe na karata au awe na takataka: ashinde upesi au ashindwe upesi, awahi kwake. Meza nzima ilijua. Watu wa Bwiza, ambao nyumba zao zilikuwa hatua ishirini, walikuwa wanatungojea tu.

Jumamosi ya nne bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Jirani yetu alikuwa na gari lenye tangi kavu. "Gari iko, mwalimu," aliniambia. "Esanse utaleta we." Hospitali ilikuwa mbali, na giza likiingia hakuna aliyethubutu kwenda kwa miguu; gari lenye mama mjamzito tu ndilo askari waliliacha lipite. Bibi yangu alinitazama nikivaa viatu, akasema, "Enda, lakini saa kumi na moja nikuone hapa." Nikasema sawa, na nilimaanisha.

Siku hiyo nilicheza kama mtawa. Tupa karata, tupa, tupa tena. Subira yavuta heri, nilijiambia, huku wenzangu wakimalizana wao kwa wao. Tukabaki wawili: mimi na fundi wa magari, Mwislamu mzaliwa wa Bwiza, mnywaji wa Fanta, aliyeshikilia kwamba maharagi si pesa na kwa hiyo hii si kamari. Shehe alikuwa bado hajamwuliza. Saa kumi kasorobo nikapata wafalme watatu. Nikasukuma yote. Fundi akacheka, "Basi inakuita, mwalimu!" akafuata kwa jozi ya saba. Nilipofunua, watu walipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Jamani, nilijisikia mkubwa! Ugonjwa wa kusini nilikuwa nimeugeuza silaha.

Fundi alibakiwa na maharagi kumi na mawili. Zikagawiwa karata nyingine. Akazitazama zake, akatazama saa ukutani, akazilaza mezani.

"Mwalimu, enda. Si ulisema bibi yako iko karibu kuzaa? Chukua bidoni, mi naachia."

Mama naye akaisogeza bidoni kwa mguu mpaka karibu na kiti changu.

Akili nyingi huondoa maarifa. Mimi nikamsoma fundi. Mtu anayekufukuza mezani, nilifikiri, ana jambo: anataka nisimame, maharagi yangu yarudi kwa mama, halafu adai mchezo ni wake. Wema wa bure sikuuamini, mimi niliyekuwa natafuta esanse ya bure.

"Apana," nikasema. "Tumalize."

"We mutu ya ajabu," akaguna, akaokota karata zake.

Honi ya basi ikapigwa pale kwenye kona. Niliisikia vizuri kabisa. Nikaongeza maharagi matatu.

Nilimmaliza saa kumi na dakika saba. Karata alizofunua hata mtoto asingeziwekea harage moja. "Si nilikuambia uchukue," akasema, na safari hii hakucheka. Nikakimbia na bidoni mpaka kituoni, nikakuta askari peke yao, wakanirudisha. Nikalala kwenye benchi la mama, bidoni kifuani, bingwa wa Bwiza.

Asubuhi nilifika nyumbani na basi la kwanza, bidoni imefichwa kikapuni chini ya mboga za lengalenga. Uchungu ulikuwa umemshika bibi yangu mara tu giza lilipoingia. Jirani alikuja na ufunguo wa gari mkononi, akarudi nao. Wanawake wawili wa uani walimzalisha kwa mwanga wa koroboi, mlango umefungwa, kitenge mdomoni mwake ili sauti isitoke nje. Mtoto wa kike, mzima. Mama yake mzima pia, kwa rehema tu, si kwa hesabu zangu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kukaa.

"Esanse umepata?" akaniuliza.

"Nimepata."

Na sijui shetani gani alinishika ulimi, nikaanza kumsimulia wale wafalme watatu. Aliniacha nimalize.

"Vizuri," akasema. "Sasa umuogeshe mutoto nayo."