Nilivyopindisha Gitaa la Mke Wangu

Nianze kwa kukiri: mimi si mtu wa kuambiwa. Nikiambiwa barabara ya juu ina matope, hiyo hiyo ndiyo nitapita, na nikikwama nitasema nilikuwa napumzika. Mke wangu ananijua hivyo, majirani zetu wa hapa Sosiot wananijua hivyo, na nadhani hata ng'ombe wananijua. Basi mzigo ulipofika, sanduku refu lenye gitaa la umeme likiwa vipande vipande, la mtu kujiundia mwenyewe, nililipeleka moja kwa moja kwenye stoo ya chakula cha ng'ombe nikatangaza kwamba asiingie mtu.

"Hata mimi?" mke wangu akauliza.

"Hasa wewe."

Gitaa lenyewe lilikuwa lake. Hapo lazima nieleze, ingawa ningependa kuruka. Alipoolewa alikuja na gitaa la mbao alilokuwa akilipiga tangu shule, na akilishika, hata mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu mabinti wa watu, aliacha kufagia akasikiliza. Mwaka huo huo tukahama kutoka kwa baba kwenda kwenye boma letu. Mke wangu akasema gitaa atalibeba mwenyewe mgongoni. Mimi nikapandwa na hasira. Kwani huniamini? Nikalisukuma kwenye trela, na juu yake yakapangwa magunia ya viazi vya Londiani. Tulipofika lilikuwa kuni. Yeye akanyamaza. Nami, badala ya kusema neno la maana, nikasema, "Si ni mbao tu?"

Kwa miaka ishirini na mmoja hakulitaja tena. Angenitukana siku ile ningepona, lakini kunyamaza kwake kulinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Ndiyo maana niliagiza hilo sanduku. Nilijiambia nitamrudishia gitaa kwa mikono yangu, bila msaada wa mtu, na Jumapili ya mavuno kanisani, akina mama wakisimama kuimba, atalipiga yeye. Kesi itakuwa imekwisha bila mimi kufungua mdomo.

Jamaa wa kwenye video, ambaye nilimfuata kwa simu, alikuwa na meza safi na vibano kumi vya kushikilia mbao. Mimi nilikuwa na mtungi wa maziwa na nusu gunia la mbolea vya kukandamizia. Lakini shingo ya gitaa ilikaa mahali pake, nikaikaza kwa skrubu nne, nikajisifu. Likabaki daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini. Mashimo yake hayakuwa yametobolewa. Nikachukua rula, nikapima kutoka ukingo mmoja wa gitaa hadi ukingo wa pili, nikagawa mara mbili, nikatoboa huku napiga mluzi. Kazi ya dakika kumi! Nikashangaa watu wanaoenda chuo kusomea mambo haya.

Kisha nikaweka nyuzi. Ala! Ule mwembamba kabisa ulipita kwenye ukingo wa shingo, na ukiubonyeza unateleza nje kabisa. Ule mnene upande wa pili ulikuwa umejisogeza ndani, umejipatia nafasi ya kulala. Nikalegeza shingo nikaisukuma kidogo, nikaichomekea kipande cha pakiti ya maziwa, ikapinda zaidi. Nikaligonga daraja kwa nyundo, tena si mara moja. Nikalaumu waliotengeneza zile mbao, nikalaumu mvua kwamba imezivimbisha, mwishowe nikamlaumu paka, aliyekuwa amelala.

Ilikuwa Ijumaa, imebaki siku moja. Mke wangu akarudi kutoka kituo cha kuuzia majani ya chai, kikapu bado kiko mgongoni, akasimama mlangoni pa stoo.

"Limeenda upande," akasema.

"Umejuaje na hujaingia hata ndani?"

Swali la kijinga hilo. Huyu mtu amechuma chai tangu utotoni. Wachumaji hulaza ufito juu ya michai kuona kama meza, yaani uso wa juu wa michai, imekaa sawa, lakini yeye jani lililojitokeza huliona kabla ufito haujafika. Kubishana na macho kama hayo ni kujitafutia aibu, nami nikabishana.

"Nimepima kwa rula."

"Ukianzia wapi?"

"Ukingoni."

Akacheka mpaka kikapu kikatikisika. "Mzee, chai ya kule chini ulipoipanda, ulipima mistari kutoka kwa ua?"

Hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba ua haupimiwi. Ua jirani ameusukuma, ng'ombe ameulalia, unapinda unavyotaka. Unapigilia kigingi huku na kigingi kule, unavuta kamba, unapanda kwa kufuata kamba. Shamba zima nililipanda hivyo kwa mikono yangu. Na gitaa lina pembe moja ndefu na nyingine fupi, kwa hivyo katikati ya kingo zake si katikati ya kitu chochote. Haki ya nani, nilitamani paka aamke nimlaumu tena.

"Acha, nitalirekebisha mwenyewe," nikafoka. Nilifoka kwa sababu niliogopa. Akiligusa, litakuwa si malipo yangu tena.

"Mficha uchi hazai," akajibu. Akatua kikapu, akaingia.

Alileta uzi wa cherehani. Tukafunga uzi mmoja kila upande wa shingo, kule juu kabisa, tukazivuta zote mbili zikifuata kingo za shingo mpaka chini kwenye mwili wa gitaa. Daraja lilitakiwa kukaa katikati ya nyuzi hizo. Nilikuwa nimekosea kwa upana wa punje ya mahindi. Punje moja! Shida ikawa kwamba mashimo mapya yangeangukia nusu ndani ya yale ya zamani, na drili ingeteleza. Nikasema basi, limekufa. Yeye akaenda kwenye kuni, akarudi na tawi kavu la mchai tulilolipogoa mwaka jana. Mti wa chai ni mgumu jamani, kisu changu kililia. Nikachonga vijiti vinene, nikavipaka gundi, nikavigongea kwenye mashimo ya aibu yangu, tukaacha vikauke.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikatoboa upya, yeye akishikilia na kusema, "Pole pole, hakuna anayekufukuza." Tukafunga daraja, tukaweka nyuzi. Zikanyooka zote sita, mwembamba na mnene zikiacha nafasi sawa pembeni. Tukachomeka waya kwenye spika tuliyoazima kanisani. Akakaa juu ya kreti, akapiga mara moja, akasikiliza, akapiga tena. Vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai vilikumbuka kila kitu. Nami nikasimama pale kifua mbele, nangoja sifa.

Hakunisifu. Alilaza gitaa magotini akanitazama.

"Na lile lingine?" akauliza.

Nikaanza kueleza. Kwamba barabara siku ile ilikuwa mbaya, trela lilikuwa dogo, aliyepanga magunia hakuwa mimi peke yangu. Akangoja tu. Maneno yakaniishia, yakabaki yale niliyokuwa nikiyakimbia.

"Ulisema utalibeba mwenyewe," nikasema. "Nikakunyang'anya, likavunjika, nikakuambia ni mbao. Nilikosa. Nisamehe."

Akatikisa kichwa pole pole, macho yamejaa machozi na mdomo unataka kucheka.

"Gitaa ningejinunulia mwenyewe, mzee, mwaka wowote," akasema. "Hayo maneno ndiyo sikujua yanauzwa wapi."