Nani Anakula Chaji ya Mama

Mwaka jana simu ya mama yangu ilikuwa inazima kila siku kabla ya saa sita mchana, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba kosa ni lake. Nalisema hili mwanzoni ili nisije nikajipamba huko mbele.

Mama anaishi kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino, peke yake tangu baba alipofariki. Mimi naishi mjini, Ipagala, na nafanya kazi masjala, katika ofisi ambayo watu huniletea simu zao zikigoma. Nazichezea kidogo, zinapona, na sifa zinanipanda kichwani. Simu ya mama nilimnunulia mimi. Nyumbani kwake hakuna umeme, kwa hiyo anachaji kwenye duka lenye sola, anaiacha asubuhi na kuifuata jioni. Ikijaa, inatakiwa imfikishe siku mbili. Hii ilikuwa haimalizi hata siku moja.

Ningecheka kama si macho. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ilikuwa imemwandika kwenye orodha ya upasuaji. Nafasi yako ikifika wanakupigia, na usipopatikana wanampigia anayefuata. Nilitaka waandike namba yangu. Mama akakataa katakata. "Macho ni yangu," alisema, "wanipigie mimi." Mwezi wa saba wakampigia. Simu ilikuwa imezima, nafasi ikaenda kwa mwingine, na sisi tulikuja kujua wiki mbili baadaye alipokwenda kuulizia. Wakamwambia asubiri zamu nyingine, na safari hii ahakikishe yuko hewani.

Nikaenda kijijini Jumamosi moja, nimenuna tangu nafunga mlango wangu. Nilimkuta uani anamenya karanga kwa kupapasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Lete simu," nikasema, hata sijakaa.

Humo ndani kulikuwa na maajabu. Redio ya kwaya, tochi za kupakua mbili, mchezo wa kupanga peremende, na programu moja ya kusoma nyota, kwa mwanamke ambaye ni mzee wa kanisa. Kila moja ilikuwa imepewa ruhusa ya kila kitu: kamera, maikrofoni, majina ya watu wote anaowafahamu.

"Mama, hivi vyote umeviruhusu wewe?"

"Vinakuja vinaomba," alisema bila kuacha karanga zake. "Vinauliza, uniruhusu? Hapo kuna Ruhusu, na pale kuna Kataa. Sasa mtu amepiga hodi, ameomba kwa adabu, hajanikosea lolote. Nimkatalie kwa lipi?"

Nilicheka, kisha nikakasirika. Nikamhubiria pale uani kuhusu vitu vinavyoingia kwenye simu na kula chaji, nikawa navifuta kimoja kimoja huku navitaja kama hakimu. Nilipofika kwenye kwaya aliinua uso.

"Na hiyo nayo?"

"Hiyo ndiyo mwizi mkubwa," nikasema, nikaifuta. Sikuwa nimepima chochote. Nilisema tu kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka kuwa sahihi.

Jumanne yake nikapiga saa tano asubuhi. Haipatikani.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata nimenywea kidogo, na safari hii nikafanya jambo ambalo kwa simu za wenzangu ofisini huwa nalifanya kwanza kabisa: nikafungua mipangilio, nikaingia kwenye betri, nikatafuta orodha ya nani ametumia chaji na kwa kiasi gani. Mama alisogeza kigoda karibu nami. "Soma kwa sauti," alisema. "Wiki iliyopita umefuta tu, mimi sijui ulijuaje nani mwizi."

Nikaanza kusoma. Aliyekuwa juu ya wote hakuwa skrini wala simu anazopiga. "Huyu," nikasoma, "amefanya kazi chinichini mchana na usiku."

"Chinichini?" Mama aliweka ungo chini. "Nani huyo anafanya mambo chinichini kwenye simu yangu?"

Kwa lugha ya simu, chinichini ni kwamba programu inaendelea kufanya kazi hata kama hujaifungua. Kwa lugha yetu sisi, ni neno la mtu anayekuzunguka. Nilikuwa nimeshaliona jina lililoandikwa pale, nikaacha kusoma.

Sikukuu ya Krismasi iliyotangulia, mama alianguka kwenye korongo akitoka shambani, akakaa pale chini mpaka mpita njia alipomwinua. Niliogopa sana. Kabla sijarudi mjini niliweka kwenye simu yake programu ya kunionyesha alipo, nikabonyeza Ruhusu wakati wote, nikaficha alama yake. Sikumwambia. Mtu pekee ambaye mama anaweza kumkatalia bila kupepesa ni mimi, na nilijua angekataa. Tangu hapo, kati ya jalada na jalada, nilikuwa nachungulia kidoti chake: kanisani, mashineni, shambani. Kilinituliza. Nami fundi wa ofisi nzima sikuwahi kujiuliza kidoti hicho kinalishwa na nini. Simu ilikuwa inahangaika kutafuta alipo kila baada ya dakika chache, huko kwetu ambako mtandao wenyewe ni wa kubahatisha.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza. "Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Nikamweleza yote. Nilimweleza pia kwamba nafasi ya mwezi wa saba niliipoteza mimi. Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu utoto.

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaniona."

"Naona kidoti tu."

"Kidoti kinakwambia kama nimekula?"

"Hapana."

"Kama nimelala vizuri?"

"Hapana, mama."

"Basi hukuwa unaniona." Kisha, kwa mshangao wangu, akacheka. "Unanichunga kama ndama! Haya, nionyeshe pa kubonyeza."

Nikashika kidole chake nikakielekeza kwenye neno Ondoa. Simu ikauliza kama ana uhakika. Alibonyeza kwa nguvu kama anaua kunguni.

"Sasa nirudishie kwaya yangu," akasema.

Tulikubaliana mimi nipige jioni, yeye apige asubuhi kabla ya kwenda shambani. Siku za mwanzo tulikuwa tunaulizana hali mpaka maneno yanaisha. Baadaye yakaja yenyewe. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameacha kupika mlenda, yeye aliyetulea kwa mlenda, kwa sababu hakuwa anauona tena mchanga kwenye majani. Kidoti hakikuwahi kunieleza hilo. Nikawa naogopa zaidi kuliko zamani, lakini sasa angalau nilikuwa najua ninachokiogopa.

Simu ikawa inafika siku ya pili jioni na bado ina chaji. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukaingia, hospitali kimya.

Halafu Jumatano moja, saa nane mchana, nikiwa Makole napeleka barua za ofisi, simu yangu ikaita. Mama.

"Wamepiga," alisema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Wanasema Jumatatu. Nimewaambia nakuja." Akasubiri. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona husemi kitu?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya watu na bahasha kifuani, machozi yananitoka, na wala sikujali nani ananitazama. "Nalia, mama."

"Basi lia upesi," alisema. "Unanimalizia chaji."