Vunjajungu wa Moiben

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Moiben ambayo mpaka leo ikinijia huwa natabasamu. Ulikuwa mwaka uliofuata ile ghasia ya uchaguzi, majirani walipogeukiana kwa ajili ya kabila. Nyumba yetu ya Turbo ilikuwa imechomwa, tukapanga chumba mtaa wa Kapsoya, na mimi, kijana wa kupiga picha za harusi, sikuwa na harusi za kupiga. Basi nikaanza kupiga picha za wadudu. Usicheke. Mdudu hakuulizi jina lako la pili.

Siku hiyo nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya shamba la mahindi, umande umenilowesha sweta, nikimtazama vunjajungu aliyekuwa akitafuna kiwavi. Lenzi yangu ilitaka nimkaribie sana, na nilikuwa nimebana pumzi ili picha isitikisike. Ndipo nikaona gambuti, vile viatu virefu vya mpira, mbele yangu.

"Unapima nini hapa?"

Alikuwa mzee mwenye shamba, jembe begani. Siku hizo mgeni akionekana anachungulia mpaka wa shamba, watu walifikiria mabaya. Nami nilijua nikitaja jina langu atajua natoka upande gani. Niliogopa hata kusimama.

"Napiga mdudu picha, Mzee."

"Mdudu? Hebu leta nione."

Nikampa kamera. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiye anakula hawa viwavi," akasema polepole. "Na hii doti nyeusi kwa jicho, mbona inaniangalia?"

"Hata kwa mdudu mwenyewe iko, Mzee. Ukisonga inakufuata. Jaribu."

Akaweka jembe chini. Akalala kando yangu kwenye umande, mtu mzima vile, akasogeza kichwa huku na huku, akicheka chini kwa chini. Tukiwa tumelala hivyo akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Turbo, na kwamba nyumba haiko tena. Akanyoosha mkono akaligusa jembe lake.

"Ningekufukuza na hili jembe," akasema. "Tangu ile vita silali vizuri. Siku ingine pitia kwa geti, useme wewe ni nani na unatafuta nini. Ukijificha kwa ua, mimi nitajijazia mabaya mwenyewe."

Mkewe alituletea chai, naye akataka kuona. Baadaye nilirudi mara nyingi, nikipitia getini, na kila nikifika nakuta mzee ameshanitafutia mdudu. "Huyu ana masharubu," ananiambia kabla sijakaa. "Njoo uone."

Mwanangu, usiache kushangaa vitu vidogo. Lakini kabla hujainama kwenye shamba la mtu, mwambie mwenyewe wewe ni nani, hata kama kujitaja kunakutia hofu. Na ukikuta mgeni ameinama kwako, muulize anaona nini kabla hujaamua amefuata nini. Mungu akupe macho yasiyochoka, akupe majirani wema, na popote utakapojenga ukae kwa amani.