Betri ya Simu ya Marehemu

Jumanne ya kwanza ya Mfungo Sita mume wangu alifariki, kwa homa ya siku chache, nyumbani kwetu Nguvumali. Siku ya khitima sauti yake nayo ikapotea. Hilo la pili ndilo ninaloweza kulieleza.

Alikuwa dereva wa gari la mizigo, Tanga na Ushongo, kwenda na kurudi. Watu wa njiani walimwagiza vitu: misumari, dawa ya mbuzi, sare za shule. Hakupenda kuandika. Alisimamisha gari, akainua simu na kujirekodi: fulani anataka hiki, fulani anataka kile. Simu ilikuwa ya zamani, ya betri ya kuchomoa, na tundu la chaji lilikuwa limelegea hata waya ukawa lazima ubanwe kwa jiwe. Nilizoea kumsikia jioni ukumbini, simu ikisema kwa sauti yake na yeye akiijibu, "Ndiyo, ndiyo, nimekumbuka."

Siku ya khitima wanaume walikuwa nje kwenye mikeka, wanawake tulikuwa ndani. Simu ilikuwa juu ya kabati. Dua ilipoanza ikaita, na mlio wake ulikuwa wa kumfikia mtu aliye ndani ya gari bovu. Mama mkwe wangu hakujua kuinyamazisha, akachomoa betri. Akairudisha, simu ikaanza kuwaka na muziki wake, akachomoa tena. Aliendelea hivyo mpaka dua ikaisha. Tangu hapo simu ikawa inaonyesha jina la kampuni kwenye kioo, kisha inaganda.

Nilikuwa nimeshaingia eda, nakaa chumbani na nguo nyeupe, watu wanaingia, wanalia, mimi nawaangalia. Zile sauti ndizo kitu pekee nilichokitaka, na hata kwamba nazitaka nililijua tu kwa sababu kila asubuhi nilijikuta nauliza kama simu imewaka.

Mama mkwe aliipeleka kwa fundi mjini. Akaambiwa itapona, lakini vilivyomo vyote vitafutika. Akarudi nayo.

"Wanasema wataiosha iwe kama mpya," akaniambia. "Nimewaambia kuosha kumetosha."

Fundi wa pili alikuwa jirani wa mtaa wa nyuma. Alikubali kuja nyumbani kwa kuwa mimi sitoki. Aliketi ukumbini na kompyuta yake, mimi nyuma ya pazia la chumba, na mama mkwe akaweka kigoda chake katikati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na wewe utaniambia itafutika?"

"Nikifuta, bibi, unichape."

"Nitakuchapa kweli. Mimi sina utani na kompyuta."

Akatueleza taratibu. Simu ina mlango wa nyuma, unaitwa rikavari, ambao fundi hupitia simu ikikataa kuwaka. Mlango uliokuja na simu hii hauwezi kumtolea kitu; ukiuingia, kubwa unaloweza ni kufuta. Yeye atauondoa na kuweka rikavari nyingine, iliyotengenezwa na watu wengine, ambayo itamwonyesha vilivyomo bila kuiwasha simu. Simu za siku hizi hazikubali mpaka zijifute kwanza. Hii kwa uzee wake inakubali.

"Dada, unataka nini humu? Picha?"

"Sauti," nikasema. "Alizojirekodi."

"Na picha?"

"Picha ninazo."

Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kioo kikaleta onyo, akatusomea, kisha akalikubali. Kompyuta ikalia, akasema imeingia. Lakini simu ikajizima, ikajiwasha, ikaganda palepale pa jina la kampuni. Alipofungua mlango wa nyuma akakuta ni ule wa zamani.

"Imejirudishia," akasema. "Ikipata nafasi ya kujiwasha, inaweka ya kwake. Ikimaliza tu kuandikwa inatakiwa ikatwe betri, kabla haijawaka. Na mimi mkono huu unabana waya, huu uko kwenye kompyuta. Bibi, utachomoa wewe."

"Mimi sichomoi tena betri ya mwanangu."

"Safari hii ndiyo dawa yake, bibi."

"Hata mara ile nilidhani ni dawa."

"Nikisema sasa, chomoa. Kabla ya hapo usiiguse."

"Nikiwahi je?"

"Ukiwahi, sijui kama tutazipata tena."

Nilitaka kusema nipeni nichomoe mimi. Pazia lilikuwa limenigusa pua. Nilingoja mama mkwe aniite, hakuniita. Kwenye upenyo nilimwona akifuta vidole kwa kanga, kimoja kimoja, kama anayetaka kushika unga.

"Bado," fundi akasema. "Bado. Bado, bibi, toa mkono. Sasa!"

Betri iliruka, ikaanguka sakafuni, ikaserereka chini ya pazia mpaka kwenye mguu wangu. Ilikuwa ya moto. Nikaiokota, nikaipitisha palepale chini. Mama mkwe akaipokea, fundi akairudisha na kubonyeza tena vile vitufe.

Safari hii mlango ulikuwa mwingine. Fundi akasema unamtaka atelezeshe kidole, akatelezesha. Akatafuta muda mrefu. Kisha akasema, "Zipo. Nyingi."

Akazinakili kwenye kompyuta, na tena kwenye memori kadi ya simu yangu.

"Inabidi nijaribu moja nijue kama ni nzima," akasema. "Ila haya ni maneno ya marehemu. Mkitaka nitoke, nitatoka."

"Wewe weka," mama mkwe akasema.

Kwanza ulikuja mngurumo wa gari. Halafu yeye: "Mama anataka dawa ya miguu, ile ya kuchua. Mke wangu uzi mweusi. Nisisahau. Dawa ya kuchua, uzi mweusi."

Nilidhani nitalia. Nikasubiri, sikulia. Nilichokumbuka ni kwamba ule uzi uko kwenye droo ya cherehani, umebaki kama nusu.

"Dawa hakuleta," mama mkwe akasema.

Fundi alikohoa kidogo. "Niweke nyingine, bibi?"

"Hapana. Rudia hiyohiyo."

Akairudia. Kisha akafunga kompyuta, akatuaga, akaenda kuswali alasiri. Mama mkwe akaichukua simu, akachomoa betri, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Simu akanipitishia mimi chini ya pazia.