Nailoni ya Godoro la Wageni

Mjukuu wangu, kuna siku moja ambayo hunirudia kila ninapotandika kitanda, na kwa umri huu kutandika kwenyewe kunanichosha. Sogea karibu, maana sina nguvu ya kurudia maneno.

Nchi ilipata uhuru nikiwa mtoto wa kutumwa maji. Nilipokuja kuolewa hapa Gitega, mtaa wa Musinzira, babu yako alikuwa fundi cherehani, na nyumba yetu ilikuwa na kitu ambacho jirani zetu wengi hawakuwa nacho: chumba cha wageni. Alikishonea mapazia ya maua. Kisha akaleta godoro la sponji kutoka Bujumbura, wakati sisi wengine bado tunalalia magodoro ya majani. Nikaliacha na nailoni yake, kama lilivyotoka dukani, lisije likashika uchafu. Shuka nikaitandika juu ya nailoni. Jirani wakija nawafungulia mlango watazame, halafu nafunga. Kiburi, mwanangu, tena cha kijinga.

Mgeni wa kwanza akawa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea kule Muyinga tangu nikiwa na miaka minne. Alishuka kwenye lori ya mizigo na kikapu cha maharage, na mguuni ana kidonda kilichokataa kupona. Hospitali wakasema kisafishwe kila siku kwa wiki tatu. Nilifurahi kuwa naye, kweli nilifurahi. Lakini nilipomwingiza chumbani nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama Mkubwa, ukilala uweke kitambaa chini ya mguu. Godoro ni jipya."

Akaitikia tu, "Ndiyo, mwanangu."

Asubuhi ya nne nikampelekea chai mapema kuliko kawaida, nikamkuta anakunja mkeka wake sakafuni. Shuka haikuwa na kunjo hata moja. Siku zote zile alilala kwenye saruji, na baridi ya usiku huku Gitega milimani, wakati wa kiangazi, unaijua.

"Mbona umelala chini?"

"Kitanda yako iko muzuri sana," akasema, "lakini nikigeuka ile nailoni inalia, mi naogopa itapasuka. Na huu muguu inatoka maji. Wacha nirudi kwangu, mwanangu. Kule nitalala bila kuogopa."

Nililia, nikamshika mikono, nikaapa kuichana nailoni saa ile ile. Akanipangusa machozi, lakini lori ya Muyinga aliipanda. Dawa aliziacha nusu. Kidonda kilifunga vibaya, mguu ukabaki umepinda mpaka alipofariki, na hakulala tena nyumbani kwangu. Watu huniambia ni kudra. Sawa, lakini maneno yale niliyatamka mimi.

Nailoni niliichana siku hiyo kwa kisu cha jikoni. Wakalala humo wageni kutoka Mutaho, wakalala wakimbizi kutoka Kivu, godoro likachafuka na kuzeeka. Yule niliyemtaka alilalie hakurudi.

Basi nisikilize. Kabla mgeni hajafika, jilaze wewe mwenyewe kwenye kitanda chake, ujue kinauma wapi. Blanketi la pili liweke anapoliona, asilazimike kuomba. Piga msumari wa kutundika nguo, weka ndala na birika la maji, na choo umwonyeshe mapema, hasa akiwa mzee, maana wazee tunaona haya kuuliza. Na usimsifie vitu vyako. Mwambie sabuni ipo, kisha unyamaze.

Ile picha ya chumba chako kipya cha wageni huko Muyinga, uliyonionyesha kwenye simu, ni nzuri. Pazia nimelipenda. Lakini nilivaa miwani, nikaangalia tena, na pembeni mwa shuka nikaona nailoni inang'aa. Mwanangu, Ijumaa ninakuja kulala humo, na siku hizi mkojo haunisubiri. Mkeka sina nguvu ya kuukunja. Ukifika nyumbani chukua kisu, uichane.

Mungu akujaalie nyumba isiyokaukiwa na wageni, na mikono isiyochoka kufua. Na siku miguu yako itakapochoka kama yangu, akupe mtu wa kukutandikia mahali utakapolala bila kuogopa. Amina.